Mota Isiyonuka

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya kusuka upya nyaya za mota hapa Voi, sikupewa hata bisibisi. Msimamizi wetu, Mzee Mwakio, alinisukumia mota ya pampu ya kisima kutoka Kasigau. "Nusa kwanza," akasema. Nikanusa, nikakohoa. Akacheka. "Hiyo ni vanishi ya nyaya iliyoungua. Mota iliyoungua haifichi." Isiyonuka aliirudisha kwa mwenyewe: "Hii nzima. Irudishe kazini."

Ninyi vijana mna vipimo. Sisi tuliishi kwa pua. Halafu ikaja mota ndogo ya mashine ya kutibu saratani, kutoka hospitali moja ya Mombasa. Ilikuwa imekaa miaka karibu na chanzo cha mionzi. Wenzangu wote wakatoka nje, wakajifanya wana kiu. Mzee Mwakio hakuwa na nafasi ya kuogopa: dada yake Wakesho, wa Mghange kule milimani, alikuwa akingoja matibabu kwenye mashine hiyohiyo.

Akanusa. "Haina kitu. Hii nzima."

Injinia aliyeileta akatabasamu, akakwaruza waya kwa kucha. Insulesheni, lile gamba linalozuia umeme kuvuja, ikapukutika kama ganda la kitunguu. "Mionzi haikuiunguza, mzee. Imeikausha plastiki mpaka inavunjika. Na msiogope, mota haibebi mionzi. Ukianika mahindi juani, yanageuka jua?"

"Basi pua ikae, kucha ifanye kazi," akasema Mzee.

Tukaisuka upya, safari hii kwa waya uliovikwa nyuzi za kioo na maika, jiwe la matabaka membamba, ambavyo huvumilia mionzi kuliko plastiki ile. Sikuwahi kusuka mota inayongojwa na mtu ninayemjua. Tulipoipima, haikuvuja. Ikarudi Mombasa, na Wakesho akatibiwa.

Lakini aliporudi Mghange, majirani wakaogopa hata kikombe chake, eti ana mionzi. Akateremka kwetu akilia. Mzee akamshika mkono mbele ya mafundi wote, akaunusa taratibu. "Hii nzima. Irudishe kazini!" Dada mtu akacheka huku machozi yakimtoka.

Sasa nimestaafu, na Mzee Mwakio tulishamzika, namkumbuka sana. Wakesho, mvi kichwa kizima, bado hupita kwangu siku za soko na ndizi zake. Hapigi hodi. Hunyoosha mkono mlangoni: "Ninuse, mwanangu."

Nanusa. Sabuni, na moshi wa kuni.

"Hii nzima, mama. Rudi kazini."