Kibubu Hakina Mlango

Miaka ile mshahara wangu ulifika nyumbani umeshakatwa. Rejesho la mkopo wa nyumba lilichukuliwa kazini kabla sijauona, na kilichobaki mwenye nyumba tuliyopanga Mchafukoge alikimega kwa kodi. Nyumba yenyewe tuliyokopea, kule Kinondoni, ilikuwa kuta tupu. Fedha ya mkopo iliishia kwenye lenta, juu tu ya madirisha. Tulikuwa tunalipia nyumba ambayo masika yangehamia kabla yetu.

Mabati yalitoka kwa kibali cha serikali. Ukiomba, unangoja miezi; kikitoka, una siku mbili za kulipa, la sivyo anapewa mwingine. Kwa hiyo tulihitaji akiba ya kushikika siku yoyote, na hapo mimi na mke wangu tukashindana. Yeye alitaka kibubu, kile kisanduku cha mbao kilichopigiliwa misumari pande zote, chenye tundu tu juu. Mimi nilikuwa na shahada, tena ya uchumi.

"Fedha chini ya kitanda imelala," nilimwambia.

"Na ya Posta inacheza ngoma?"

Nilishinda, au ndivyo nilivyodhani. Kila mwezi nilipanga foleni Posta na kitabu changu cha akiba, nilichokifungua nikiwa mwanafunzi, nikarudi nyumbani nikitembea kama mwenye kiwanda.

Kibali kikatoka Alhamisi. Ijumaa asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Karani alitazama fomu yangu, akatazama kadi ya saini niliyoijaza siku ya kufungua kitabu, akashusha miwani.

"Ndugu, hii saini ya nani?"

"Yangu."

"Na hii ya kwenye kadi?"

Nayo ilikuwa yangu. Kwenye kadi niliandika jina langu lote, herufi kwa herufi, kama mtoto anayetaka kusifiwa na mwalimu. Lakini nilipopewa meza yangu ofisini nilijitungia saini ya ukubwa: kitanzi kimoja, mikia miwili na nukta. Hakuna aliyeweza kuisoma, na hiyo ndiyo ilikuwa nia. Karani akanipa karatasi nijaribu ile ya zamani. Mkono ulikataa.

"Hii ya nne imekaribia," alinitia moyo, "ila mkia umerudi."

Watu nyuma yangu walianza kunisaidia kwa ushauri. Mwishowe karani akasema nilete barua ya mwajiri, nionane na mkuu wake Jumatatu. Kibali kilikuwa kinakufa siku hiyohiyo saa tisa.

Nilirudi Mchafukoge nusu nikikimbia. Mke wangu alikuwa barazani akishona sare za shule kwa cherehani yake. Nilimweleza yote, hata mkia. Hakucheka, jambo lililoniuma zaidi. Aliinuka, akazamisha mkono kwenye kapu la vipande vya vitambaa, akatoa kibubu.

"Si tulikubaliana tusiwe nacho?"

"Wewe ulisema, mimi nikanyamaza. Kunyamaza si kukubali, msomi wangu." Akanikabidhi mchi wa kinu. "Vunja. Mwenye haraka ni wewe."

Nilivunja. Ujira wa sare za mwaka mzima ukamwagika mkekani, noti zilizokunjwa kama sambusa na sarafu nyingi kuliko noti. Tulizifunga kwenye kanga, tukaenda wote wawili kwenye duka la mabati, yeye mbele. Mtunza fedha alilalamikia sarafu mpaka akachoka. Saa nane na nusu tulikuwa na risiti. Fedha zilitosha mabati ya vyumba vitatu. Sebule ilibaki na mbingu yake, na tuliamua kuhamia hivyohivyo, masika yasitukute tukilipia nyumba mbili.

Jumatatu nilipeleka barua ya mwajiri, nikapewa fedha zangu wakati hakuna tena kibali cha kuzitumia. Sehemu niliiacha palepale kwenye kitabu, chini ya saini ya mwanafunzi, ambayo nilikuwa nimeifanyia mazoezi Jumapili nzima. Sehemu nyingine nilikwenda nayo Kariakoo kwa fundi seremala. Nilimwagiza kibubu kikubwa, na kwa kuwa shahada haiishi mwilini haraka, nikamwomba akitie mlango mdogo nyuma, na kufuli, ili fedha ishikike bila mchi.

Fundi alinitazama kwa huruma.

"Ndugu yangu, ukitia mlango, hilo ni kabati."

Niliufikiria mkono wangu ukiwa na ufunguo, na mwisho wa mwezi ulivyo mrefu, na sebule isiyo na bati.

"Basi acha mlango," nikamwambia. "Ongeza misumari."