Alama Tano za Pi-yun

Siku ya tatu tu tangu afungiwe, Chuang Pi-yun aliambiwa habari za karatasi, na tangu hapo hakupata usingizi wa maana. Aliyemwambia ni Lien, mama mnene wa miaka hamsini na kitu, waliyelala naye sako kwa bako sakafuni. Lien alikuwa anaingia nyumba ile ya uangalizi mara ya tatu na aliijua kama jiko lake.

“Sikiliza, shoga. Humu hawakuhesabii miaka, wanakuhesabia alama. Wamekushika na unga wa barafu, sawa. Mkojo umesema, sawa. Sasa wanakutazama miezi miwili, kisha wanajaza karatasi: huyu akitoka atarudia au hatarudia? Ukifika sitini huendi kwenu. Unabaki kutibiwa, mwaka mzima pengine.”

“Alama za nini?”

“Za kila kitu! Ulianza na umri gani, umeshikwa mara ngapi, unavuta sigara, unatafuna tambuu…”

“Hata tambuu?”

“Alama mbili. Na ukicheka meno yako yanakusemea.” Lien akaangua kicheko mpaka Afande akagonga mlango.

Pi-yun hakucheka. Wafungua chaza wote wa Dongshi, kwao pwani, wanatafuna tambuu, na yeye alikuwa mfungua chaza tangu ana miaka tisa, akikaa kwenye kigoda karibu na mamake na kisu kifupi mkononi. Vidole vyake vilijaa makovu. Barafu, ule unga wa kufukuza usingizi, alipewa na mume, dereva wa lori la samaki, ili amalize vikapu kabla magari hayajaja. Mume akaenda zake, barafu ikabaki. Aliwahi kuiacha miaka miwili kamili, jamani, miwili. Kisha mapafu ya babake yakaharibika. Mchana alifungua chaza, usiku alimshikia mzee beseni akikohoa, na akairudia barafu ili asilale. Sisemi alikuwa na haki. Nasema alikuwa amechoka, na asiyewahi kuuguza mgonjwa miezi sita mfululizo anyamaze.

Walimkamata barabarani, kafunga mtungi wa hewa ya babake nyuma ya pikipiki. Hakujua kama mtungi ule ulifika nyumbani. Daktari alishasema mzee huyo akivuka majira ya baridi ni bahati. Kwa hiyo kwa Pi-yun mwaka mmoja haukuwa mwaka. Ulikuwa ni kumwona babake au kutomwona tena.

Siku za wageni zilikuwa Jumanne na Ijumaa. Wenzake waliitwa majina, wakaenda, wakarudi na macho mekundu na mifuko ya matunda. Yeye hakuitwa. Aliandika barua mbili. Kimya. Wiki ya tatu alianza kutapika kila Jumanne asubuhi kabla hata ya uji.

“Hivi unajua na hiyo ina alama?” Lien alimwuliza, safari hii bila mzaha. “Ndugu asipokuja kukuona, tano. Wanaona huna watu, utarudi kwenye barafu.”

“Mimi nina watu.”

“Basi waje! Mamako amekula jiwe?”

Wakapiga hesabu pamoja, kwa kidole, juu ya godoro. Mama akija, hamsini na sita. Asipokuja, sitini na moja. Pi-yun akaanza kuhesabu upya.

Wiki ya tano aliitwa. Aliyejaza karatasi ni Mwalimu Kuan, mwanasaikolojia, binti wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya chini. Humo ndani wote wenye kalamu waliitwa Mwalimu. Pi-yun alikaa kwenye ukingo wa kiti, akaficha vidole chini ya mapaja.

“Ukitoka utafanya kazi gani?”

“Chaza, Mwalimu.”

“Utaishi na nani?”

“Na baba na mama.”

“Walikuja kukuona?”

Akasema mama ana kazi, gari ni mbali, baba haachiki peke yake. Maneno yakatoka mbio kama mwizi.

“Mimi naandika kilichomo kwenye kitabu cha getini,” Mwalimu Kuan alisema taratibu. “Na kitabuni hamna jina.”

“Mwalimu, nakuomba. Nakupigia magoti.”

“Usipige magoti, Pi-yun, kaa. Nafunga karatasi Ijumaa. Leo nitampigia simu mamako.”

Kesho yake Mwalimu alimwita kwenye korido. Uso wake haukuwa na habari njema. “Nimeongea naye. Nimemweleza mambo ya alama, yote. Amesema hawezi kuja. Amesema ule vizuri.”

“Ni hivyo tu?”

“Akakata simu.”

Basi, ameshanikana, Pi-yun aliwaza. Mama yangu mzazi kanifuta. Siku mbili hakutia kitu tumboni. Kila mlango ulipolia funguo aliruka. Akamwona babake akifa na kufufuka kichwani mwake mara mia, na kila mara mtungi ule umelala pembeni ya barabara. Lien alimfunika blanketi akamtukana kidogo, kwa mapenzi, maana hakujua la kufanya lingine. Alama zake Lien zilikuwa sitini na mbili, alishazikubali.

Ijumaa saa nne Afande akaita: “Chuang Pi-yun! Mgeni!”

Alifika kwenye kioo akaketi, akainua mkono wa simu, na ng'ambo ya kioo alikuwa amekaa mamake, amekonda, koti limefungwa vifungo vibaya. Pi-yun alitaka kusema asante. Ndipo akaona kwenye nywele za mama, juu ya sikio, kifundo kidogo cha sufi nyeupe.

Mwanamke wa kwao havai kifundo kile kwa urembo. Hukivaa akifiwa, na akikivaa haingii nyumba ya mtu wala mahali pa watu mpaka siku zake ziishe, asije akawamwagia wengine nuksi ya msiba.

“Lini?” aliuliza. Sauti haikutoka, mama alimsoma midomo.

“Siku ya tisa tangu wakuchukue. Alilala tu. Mtungi polisi waliuleta, usiulize, uliletwa.” Mama akajifuta pua kwa kiganja. “Barua zako nimesomewa. Mwanangu, ningekujaje? Wewe uko kwenye shida, nije nikuongezee na mkosi wa maiti? Nilijiambia kaa mbali, mkosi huu uumalize mwenyewe. Halafu yule binti kanipigia ananiambia nisipokuja wanakuandika huna watu. Loo! Nimetembea chumbani mpaka asubuhi. Nimemwambia mzee, nisamehe, naenda kwa mtoto.”

“Mama, mmemzika bila mimi.”

“Nani kasema tumemzika? Yuko sebuleni, kwenye jeneza la baridi. Mtazama siku njema alinipa tarehe mbili za mazishi, moja ya karibu, moja ya mbali. Ndugu zake walipiga kelele, umeme, aibu, majirani. Nikachukua ya mbali.” Aliitaja. Ilikuwa siku tatu baada ya miezi miwili ya Pi-yun kuisha.

Hofu yote ikamrudia, mpya, mbaya kuliko ya kwanza. Alishika kioo kwa mikono miwili. “Na kama hawataniachia?”

“Unajua mtoto wa kike aliyekosa kifo cha babake anavyoingia nyumbani,” mama alisema, kama hakusikia. “Ushukie pale kona. Usitembee.”

Dakika zikaisha, simu ikakatika.

Saa tisa Mwalimu Kuan alikuja mwenyewe mpaka mlangoni pa chumba, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Alisema hamsini na sita. Alisema pole, halafu akaondoka haraka.

Lien alirusha mikono juu. “Weee! Unaenda kwenu! Mbona umenuna kama unayebaki ni wewe?”

“Baba amekufa, Lien. Wananisubiri mimi.” Pi-yun alikuwa anajitazama magoti. “Kutoka kona mpaka mlangoni kwetu ni hatua mia mbili. Barabara waliimwagia kokoto mwaka jana.”

Lien alielewa, maana naye ni mtoto wa mtu. Kwao binti aliyekosa kifo cha babake hutambaa kwa magoti akimlilia mpaka miguuni pa jeneza. Alivuta mfuko wake, akatoa soksi zake mbili nzito, akakata ncha kwa meno, akamvisha moja kwenye goti la kulia, moja kwenye la kushoto.

“Jaribu,” alisema.

Pi-yun akapiga magoti sakafuni, akaanza.