Fimbo ya Bwana Afya

Bwana afya wa mtaa mmoja wa Manyoni huwasaka wanaomwaga maji machafu kwenye mtaro wa mvua. Huchovya fimbo, huinusa, hufumba jicho moja, kisha hutangaza: "Haya ya kuoshea dagaa!" Mkosaji akiwa mzee, humwamkia kwanza ndipo amkaripie. Leo alifuata povu la sabuni nyumba kwa nyumba, majirani wakiandamana naye kushuhudia, hadi uani kwa mama mkwe wake. Fimbo ikajificha mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini mtaroni?"

"Nimepita tu kukusaidia kazi."

"Mungu akubariki. Basi kanimwagie haya," akasema, akimkabidhi beseni la maji ya kufulia.

Bwana afya akainama, akayamwaga mtaroni polepole, yasije yakawarukia mashahidi.