Kuangusha Mpira si Kukubali

Saa nne asubuhi. Nje theluji inaanguka juu ya mji wa St. Paul, Minnesota, na ndani ya ukumbi Bi Blia Lor anapanga vijiti vya pamba mezani. Mbele yake vijana wa Kihmong, jamii iliyohamia huku kutoka milima ya Asia ya Kusini-Mashariki, wamesimama mistari miwili, wasichana huku, wavulana kule, wakirushiana mipira ya Mwaka Mpya, mchezo wao wa kutafutana uchumba. Vito vya fedha vinalialia kila mkono unapoinuka.

"Wewe! Umekuja kutafuta mchumba au kuchezea simu?" Bi Blia anamtania kijana mmoja. "Njoo tuzungumze kwanza."

Bi Blia, 51, ameajiriwa na sajili ya wachangiaji uboho, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Huwapangusa watu pamba ndani ya shavu, maabara isome alama za tishu zao. Mgonjwa wa saratani ya damu akikosa ndugu wa kulingana naye, hutafutiwa mtu baki wa kumpa uboho. Alama hizo ni za kurithi, kwa hiyo Mhmong hubahatika zaidi kwa Mhmong mwenzake, na waliojiandikisha ni wachache mno.

Ndiyo maana miaka minne iliyopita alijiona mjanja. Kwa desturi, anayeangusha mpira hutoa faini: huimba, au humpa mwenzake kitu chake. Bi Blia akatangaza kwamba safari hii faini ni kijiti cha pamba.

"Weee! Walikuja kwa vicheko, wengine waliangusha makusudi. Bosi wangu alinipigia makofi," anasema. Yeye mwenyewe hacheki.

Miezi michache baadaye akapatikana mtu. Mtoto wa miaka tisa alilingana na Tou Ger Vue, fundi magari, na wazazi wa mtoto wakaambiwa hivyo. Ofisi ikampigia Tou Ger, hakupokea. Bi Blia akatumwa gereji kwake.

"Shangazi, mimi niliangusha mpira tu," kijana alimwambia, mikono imejaa grisi. "Ulisema faini. Hukusema nitachomwa mfupani."

"Ni mtoto, baba. Mtoto mdogo."

"Na mimi je, sina mama? Mama anasema nikitolewa uboho sitazaa. Ungetuambia siku ile, ningekukatalia siku ile ile."

Bi Blia alimweleza kwamba uboho hurudi wenyewe, na kwamba uzazi hauguswi. Alirudi tena na tena, na wali wa kunata kwenye kikapu. Siku moja ofisi ikamwambia asiende tena. Mtoto alikuwa amefariki.

Sajili haitaji jina la mgonjwa. Hapo ndipo anapoumia.

"Kila nikisikia msiba wa mtoto wa enzi zile, najiuliza, alikuwa yule? Nimekaa na akina mama nikashindwa kuwatazama usoni. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wangu amehamia kabisa nyumbani."

Ukianza kumlaumu Tou Ger mbele yake, anakukatiza. "Mwache! Yeye alisema kweli. Mimi ndiye niliyefanya mzaha na mwili wa mtoto wa watu."

Sasa faini imerudi kuwa wimbo. Mezani Bi Blia anaeleza yote kabla ya kijiti: sindano, ganzi, kiuno kitakachouma siku kadhaa, na mama atakayepiga kelele nyumbani. Kisha anauliza, "Simu ikilia, utapokea?" Wengi wanaondoka. Boksi lake moja halijajaa nusu.

Msichana mwenye sketi ya mikunjo anamsikiliza hadi mwisho, mpira umebanwa kwapani. Anatikisa kichwa.

"Samahani, shangazi. Naogopa. Siwezi."

"Ahsante, mwanangu," anamwambia, akimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Ahsante sana kwa kuniambia leo."

Msichana anarudi mchezoni, bado haelewi alichoshukuriwa.

"Naomba nikistaafu niwe nimezizoea hapana za namna hii," anasema Bi Blia, akimfuata kwa macho. "Za hapa mezani, kabla mama wa mtu hajaambiwa kwamba mchangiaji amepatikana."