Muziki Uliotundikwa Mitendeni

Bi Khole alizaliwa Unguja, akakulia Maskati, na ujana wake aliumalizia akipiga fidla katika okestra ya wanawake. Siku moja mwalimu wao aliwasikilizisha kazi ya mtunzi mmoja wa Kimarekani wa zama hizi: fidla mbili, viola na selo, zinabishana, kisha zote zinanyamaza ghafla. Khole aliomba ipigwe tena. Tangu hapo akawa anazitafuta rikodi za mtu yule, za okestra kubwa na za wapigaji wachache; kila jamaa aliyesafiri alitumwa. Alipostaafu alihamia mji wa Ibra, huko huko Omani, katika nyumba ya babake, na kabati zima la sidii.

Mwaka jana alikwenda mji wa Sur matangani. Nyuma yake mdogo wake, Nasr, akaja kuitengeneza majilisi, chumba cha wageni kilichokuwa na kabati lile, maana posa ya bintiye Lamees ingepokelewa pale. Khole aliporudi alilikuta kabati limejaa vikombe vya kahawa.

"Nasr, vitu vyangu viko wapi?"

"Zile kelele za Kizungu? Nimezitundika shambani Izki, dada. Zinameta, ndege wasidonoe tende."

Khole alichukua ufunguo. Aliingia garini akaendesha mpaka Izki, Nasr nyuma yake. Sidii zilikuwa juu ya mitende, zimefungwa kwa mishipi, zinazunguka na upepo, zimekwaruzwa na miba ya makuti.

"Wallahi dada, si zimo zote kwenye simu siku hizi?"

"Hazimo! Na hata zingekuwamo, uliniuliza? Mkeo alipougua nimekulelea wanao, sijakunyima kitu. Changu kimoja tu, ukawapa ndege!"

"Khalas, yaishe, nitakununulia nyengine."

"Za nani? Nitajie jina lake."

"Huyo Mzungu wako," Nasr alisema.

"Basi panda," Khole alisema. "Wewe mwenyewe, si mfanyakazi. Uniteremshie moja moja."

Akapanda na dishidasha yake, kanzu nyeupe, mpaka ikachanika begani. Khole alisimama chini akizipokea, anazifuta kwa mtandio.

Nyumbani nyingi hazikulia. Ile ya fidla mbili ilikwama mwanzo kabisa, ikarudiarudia sauti moja hadi akaizima.

Wenye posa walipokelewa kwa Nasr, Nizwa. Majilisi ya Ibra Khole aliifunga. Lamees alikuja peke yake kumtaka radhi shangazi yake, akapewa kahawa na halua, akakumbatiwa. Nasr bado anapiga simu kila Ijumaa. Khole anaiona inalia, na haipokei.