Sauti Iliyomuita Mama kwenye Foni

Siku yangu ya kwanza kazini, kule kisiwani Chisenga, upande wetu wa ziwa, Chef de poste, mukubwa wa kituo, alininyang'anya mikrofoni mukononi. "Acha kelele! Sikiliza kwanza. Ukimaliza unasema à vous, yaani zamu yako, halafu unafunga kinywa, mwenzako ajibu." Foni ilikuwa redio ya kuongea na ng'ambo ya ziwa: antene juu ya muti, batri ya motokari chini ya meza. Simu za mukononi hatukuwa nazo. Mutu akitaka ndugu yake wa Congo, alikuja kwetu.

Baadaye walinihamisha Nchelenge, kwa Chef mwingine, mukubwa zaidi, mutu mukali, lakini kazi aliijua. Frekansi, ile njia ya sauti hewani, ilikuwa moja kwa ziwa lote. Kila mwenye foni alisikia kila neno. Na watu wetu hawaanzi na shida. Kwanza salamu: nani amezaa, nani anaumwa mugongo, matanga ya shangazi yalikwendaje. Chef alikasirika: "Hawa batu banamwaga mambo yao yote inje, na wezi banaokota!" Watu walimucheka. Kwetu, kukata salamu ni kumutukana mutu.

Vita ilipoingia Congo, Mama Ilunga, muchuuzi wa samaki mwenye bwato, mutumbwi wake wa injini, alikuja karibu kila asubuhi kumutafuta Ilunga, mutoto wake wa pekee, aliyebaki upande ule. Siku moja sauti ikaita kutoka Kilwa, ile ya Congo ng'ambo ya ziwa. "Mama, ni miye Ilunga! Askari wako karibu. Kuna mutu atakuja kwako sasa hivi, umupe bwato na moteri anifuate. À vous."

"Muulize kwanza," Chef akasema.

Mama akauliza jina la nyanya yake. Sauti ikajibu. Akauliza kovu la mugulu. Ikajibu. Eh, mama alilia kwa furaha! Lakini hayo yote alikuwa ameyasema yeye mwenyewe hewani, akiomba watu wamutafutie mutoto. Yule mutu akaja, akapewa bwato na moteri yake, havikurudi. Baadaye tukajua yule alikuwa mwizi, Ilunga hakuwa Kilwa.

Toka pale Chef alitufundisha: mutu akiomba kitu kwa foni, kata maongezi. Mutafute wewe mwenyewe kwa njia unayoijua, kwa jirani, kwa padri. Haraka yake isikuwe haraka yako. Na ninyi wenye simu, ukija ujumbe unaotaka namba yenu ya siri, mufanye vile vile.

Kisha sauti nyingine ikaita, kutoka Pweto, muji mwingine wa Congo. "Mama, ni miye Ilunga. Niko mugonjwa. Nitafutie njia ya kuvuka. À vous."

"Mama, ongea naye," nikamuomba.

"Nimuulize nini? Yule wa kwanza alijibu yote!" Akashika mikrofoni. "Mwizi wewe! Uache jina la mutoto wangu!"

Sauti ililia tu. Mama akatoka.

Chef akatuma neno Pweto kupitia mwenye bwato mumoja tuliyemujua, kama alivyotufundisha. Mwenye bwato aliporudi, alileta shati ya Ilunga. Sauti ile ilikuwa yake kweli, na walikuwa wamekwisha kumuzika.

Sasa nimestaafu. Vijana wananiuliza namna ya kumutambua mwizi, ninawaeleza, na ninayosema ni ya kweli. Mama Ilunga aliniuliza jambo lingine mupaka akafa: angemutambua mutoto wake namna gani?