Dawa Ilikuwa Salama

Dada yangu mdogo alikuwa na ugonjwa wa ini ambao hata madaktari wengi waliusikia kwake kwa mara ya kwanza. Ini lake lilikwama katikati ya kazi yake moja, na kilichobaki kiligeuka sumu mwilini. Dawa fulani za usingizi zingeipandisha sumu hiyo mpaka mikono, miguu na hata pumzi vikose nguvu. Kwa hiyo alipoambiwa uvimbe wa mji wa mimba lazima utolewe, mimi sikuogopa kisu. Niliogopa sindano ya kumlaza.

Nilimganda daktari wa usingizi kama kupe. Nilimfuata mpaka alipoegesha gari, akashindwa, akacheka.

"Madam, hiyo dawa ya zamani simpei. Nitatumia hii nyeupe kama maziwa, haina shida na yeye."

Nikataka kuiona. Akanionyesha.

Asubuhi ya upasuaji nilimkuta dada wodini amejikunja, tumbo linamkata, mkojo umekuwa mwekundu kama chai ya rangi. Hakuwa ameguswa na sindano yoyote. Daktari akamuuliza alikula lini.

Dada akatazama ukuta. Kina mama wa kanisa letu kule Manyatta walikuwa wamefunga tangu Jumapili kwa ajili yake, kama wanavyofanya mtu akienda kupasuliwa.

"Nilifunga na wao," akasema. "Nyamera, dada yangu, ningekula aje na wao wanakaa njaa juu yangu?"

Daktari akashika kichwa. Kwa ini lile, njaa ni mbaya sawa na dawa tuliyoikimbia. Samaki na ugali niliompelekea, alikuwa akimpa mgonjwa wa kitanda cha pili!

Upasuaji ukafutwa, akatundikiwa dripu ya glukosi. Nilimgombeza huku nalia. Nilikuwa na hasira naye, na kanisa, na Mungu mwenyewe. Kufikia mchana hakuweza kushika kikombe.

Ndipo kiongozi wa kina mama akaingia wodini, midomo imemkauka, akanishika mkono.

"Mama, tumesikia amezidiwa. Usijali, tumeongeza siku za kufunga."

Nikafungua mdomo nimwambie ukweli wote. Dada akanitazama, akatikisa kichwa kwa shida.

"Usiwaambie," akaninong'oneza kwa Kijaluo, sauti ikikwaruza. Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake kabla mashine haijaanza kumpumulia.